Halmashauri imetuita kuhusu ukatili wa majumbani. Tuombe nini?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, naishi katika mji mmoja wa Midlands, Uingereza, na ni katibu wa chama cha akina mama wanaozungumza Kiswahili. Tuko Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, na akina mama wa Barawa na wa visiwa vya Bajuni, pwani ya Somalia. Halmashauri ya mji inaandika upya mkakati wake wa ukatili wa majumbani na imetuita tueleze kwa nini wanawake wa jamii za wachache hawafiki kwenye huduma zao. Tumepewa nusu saa. Wenzangu wanataka tuombe vipeperushi vya Kiswahili na siku moja ya uhamasishaji. Mimi nahisi kuna kubwa zaidi ya hilo ila sijui nilisemeje. Wewe umeifanya kazi hii miaka mingi. Tuombe nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa kuitwa mapema. Vyama vingi huitwa kusomewa mkakati ukiwa umeshapigwa chapa.

Lile swali mliloulizwa lina kasoro, na ningekuwa wewe ningeanzia hapo hapo. Wanauliza kwa nini wanawake wetu hawafiki. Nimekaa na wanawake kwenye vyumba vya polisi, kwa madaktari na kwenye ofisi za nyumba za hapa, kwanza kama mkalimani, baadaye kama mtetezi wao. Wapo wasiofika kokote, sikatai. Lakini wengi niliowahudumia mimi walikuwa wameshafika mahali. Mmoja alimwambia daktari kwamba halali usiku. Mwingine alimwambia mwalimu wa mtoto kwamba nyumbani hakukaliki. Mwingine alipiga simu polisi, akaambiwa asubiri mkalimani, akasubiri, akakata. Walisema, na aliyekuwa mbele yao hakusikia, au alisikia kitu kingine akaandika hicho.

Kama wataona unawasingizia, watajie mambo mawili ambayo kila mtu wa fani hii anayajua.

La kwanza ni la Banaz Mahmod, binti wa Kikurdi wa miaka 20 aliyekuwa akiishi kusini mwa London. Alikwenda polisi mara kadhaa. Desemba 2005 aliwapelekea majina ya wanaume aliosema watamuua. Usiku wa kuamkia mwaka mpya baba yake alijaribu kumuua. Akavunja dirisha kwa mikono, akatoka mbio akivuja damu. Askari aliyefika alimwona ni mtu wa vituko, akafikiria kumshtaki kwa kuvunja kioo. Wiki chache baadaye, Januari 2006, aliuawa, na mwaka 2007 baba na ami yake walitiwa hatiani.

La pili ni la Valerie Forde wa Hackney. Huyu Kiingereza hakikumpiga chenga hata kidogo. Alitoa taarifa kwamba mwanamume waliyeachana ametishia kuichoma nyumba yeye akiwa ndani, na polisi wakaliandika kama tishio dhidi ya mali. Machi 2014 aliuawa pamoja na binti yake ambaye hakuwa ametimiza miaka 2. Kutokana na msiba huo shirika la Sistah Space limekuwa likidai sheria ya kuwalazimisha polisi na watoa huduma wafundishwe namna ya kuwasikiliza wanawake Weusi, na ombi lao lilifika hadi kujadiliwa bungeni Machi 2022.

Sasa niambie, kipeperushi kingemsaidia nini Banaz? Wenzako wasivunjike moyo, kipeperushi si kibaya, ila kinamwambia mwanamke njoo useme. Ninyi mtumie nusu saa yenu kwenye kile kinachompata akishasema.

Anza na ukalimani, na usione haya kuchukua hapo dakika kumi nzima. Kisa hiki nilikishuhudia. Mama mmoja wa Pwani, mtu mzima, mpole, alikuwa akihojiwa kituoni kupitia mkalimani wa simu. Alisema, "Alinikaba roho mpaka nikaona giza." Wewe na mimi tunajua amesema nini: huyo mume alimshika koo. Yule bwana wa kwenye simu Kiswahili alikisomea shule tu, na roho kwake ni roho ya kanisani. Akamwambia askari kwamba mama anasema mumewe alikuwa akimbana rohoni mpaka akaona maisha ni giza. Askari akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kwamba mama ana msongo wa mawazo katika ndoa. Nilikuwepo kama msindikizaji tu, sikuruhusiwa kutafsiri. Nilinyoosha mkono kama mtoto wa darasani, nikaomba mama aulizwe tena, safari hii aonyeshe kwa mikono. Akaweka mikono miwili shingoni mwake. Chumba kikanyamaza.

Tangu tarehe 7 Juni 2022, kumkaba mtu koo kwa makusudi ni kosa linalojitegemea katika England na Wales, adhabu yake hadi miaka 5, hata kama hakuna alama iliyobaki. Pia ni mojawapo ya maswali mazito katika DASH, ile fomu ya kupima hatari inayotumiwa mahali pengi hapa. Neno moja lilitosha kuyafuta yote mawili.

Halafu kuna suala la lugha ipi hasa. Kwenye jedwali lao mama wa Barawa ameandikwa "Msomali", kwa hiyo analetewa mkalimani wa Kisomali, wakati lugha aliyolelewa nayo ni Chimwini, Kiswahili cha Barawa. Mama wa visiwani anasema Kibajuni. Hawa wawili walitoka kwao kwa sababu ya kuonewa na watu wenye nguvu kuliko wao, na mara nyingine anayeletwa kumsemea ndiye yule ambaye angemhofia huko nyumbani. Wakongo nao wanabebeshwa Kiswahili kwa jumla. Mama wa Bukavu anapochanganya Kiswahili, Kifaransa na Mashi, mkalimani wa Dar es Salaam asiyejua Kifaransa anaruka maneno na hasemi kwamba ameruka. Mnyamulenge anaweza kununua samaki kwa Kiswahili, lakini mambo ya chumbani kwake atayasimulia kwa Kinyamulenge au hatayasimulia kabisa. Kwa hiyo msiombe "wakalimani wa Kiswahili". Ombeni kwamba mwanamke aulizwe: lugha gani, ya wapi, unataka mkalimani mwanamke au mwanamume, na je, yuko mtu ambaye hungependa ayasikie haya?

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Mji wenu una Waswahili wangapi? Mkalimani anayekuja ana kwa ana anaswali msikiti mmoja na shemeji wa huyo mama, au anaimba kwaya na wifi wa huyo mama. Jibu la gharama ndogo lipo: mkalimani wa simu kutoka mji wa mbali, asiyetajiwa jina la mteja wala mtaa wake. Huduma hizo halmashauri tayari inazilipia. Kinachokosekana ni maagizo kwa mtu wa mapokezi.

Na watoto wasitumiwe. Ninajua kila ofisi ina karatasi inayosema haitumii watoto kutafsiri. Nimemwona mvulana wa miaka 9, sare ya shule bado iko mwilini, amesimama kati ya mama yake na daktari. Daktari ameuliza kuhusu ule uvimbe wa kwenye taya. Mama akamtazama mwanawe, akasema, "Mwambie nilianguka bafuni." Mtoto akatafsiri vizuri sana, bila kukosea. Baadaye mama aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akijipanga maneno ya kumwambia daktari ukweli.

Kuhusu fomu ya DASH nitasema kidogo tu. Mahali pengi, anayepata alama 14 au zaidi hupelekwa kwenye kikao cha MARAC, ambapo polisi, afya, nyumba na ustawi wa jamii hukaa pamoja kumjadili mtu mmoja mmoja. Mtindo huo ulianzia Cardiff mwaka 2003 na umeokoa watu. Lakini yale maswali yanamtegemea mwanamke ajibu moja kwa moja. Muulize mama wa heshima zake, "Je, unamwogopa mumeo?" Atakwambia, "Namwogopa Mungu." Alama imepotea. Fomu inauliza kama yuko mtu mwingine anayekutishia, na hapo yule anayehoji huwa anafikiria rafiki wa mume. Hafikirii mama mkwe aliye Tanga anayepiga simu kila jioni, wala kaka wa mume anayeshika pasi za watoto, wala lile neno "tutakupeleka likizo na utabaki huko". Kutelekezwa nyumbani kwenu ukiwa umenyang'anywa hati zako ni ukatili unaotambulika kabisa hapa. Mwongozo wenyewe unasema alama si kila kitu, mtaalamu akiona hatari anaweza kumpeleka mtu kwenye kikao hata akiwa na alama 6. Waulizeni: mwaka jana ni mara ngapi mlifanya hivyo kwa mwanamke aliyehojiwa kupitia mkalimani? Mkiambiwa takwimu hizo hazikusanywi, mwandike jibu hilo kama lilivyo.

Baada ya lugha, viza. Hapa shusha sauti, maana wataanza kukwambia ni mambo ya serikali kuu. Kwa sehemu ni kweli. Uingereza iliridhia Mkataba wa Istanbul mwaka 2022, lakini ikaweka pembeni kile kifungu cha 59 kinachohusu ukaazi wa wanawake wahamiaji, na halmashauri yenu haiwezi kubadilisha hilo. Ila yapo yaliyo mikononi mwao.

Nieleze kwanza mashine yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu hata madiwani wengi hawaijui. Nyumba salama za hapa hulipiwa kodi kwa benefiti ya nyumba, yaani msaada wa kodi ambao serikali humpa mwanamke mwenyewe. Kama viza yake imeandikwa kwamba hana haki ya fedha za umma, benefiti hiyo haipati, na nyumba salama ikimpokea itakula hasara. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye simu huwa, "Viza yako inasemaje?" na lile la kama uko salama hapo ulipo linakuja la pili. Niliwahi kukaa kwenye gari na mama na watoto wake wawili kuanzia saa tisa mchana, tunapiga simu nyumba moja baada ya nyingine. Mdogo alilala, akaamka, akalala tena. Nyumba ya mwisho ilipokubali ilikuwa saa nne usiku, na walikubali kwa sababu mkuu wao alisema atajua pesa itatoka wapi kesho.

Njia ya kutokea ipo kwa baadhi yao. Mwanamke aliyeingia kwa viza ya mwenza wa raia wa Uingereza, au wa mtu mwenye ukaazi wa kudumu, akivunja ndoa kwa sababu ya ukatili anaweza kuomba ruhusa ya muda ya miezi 3 yenye haki ya benefiti, na ndani ya miezi hiyo aombe ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Mpango huo ulianza 2012. Februari 2024 ulibadilishwa jina na kupanuliwa, na wenza wa wenye viza za kazi na masomo nao wakaruhusiwa kuomba ile miezi 3. Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa watu wema wameharibu maisha ya watu. Hawa wa viza za kazi na masomo hawana ile hatua ya pili ya ukaazi wa kudumu. Na ruhusa ya miezi 3 ikitolewa inachukua nafasi ya viza aliyonayo. Mke wa mtu mwenye viza ya utunzaji wa wazee aliyekuwa amebakiwa na mwaka na nusu anaweza kujikuta amebakiwa na siku 90. Kwa hiyo hakuna mtu wa chama, wala mfanyakazi wa halmashauri, anayepaswa kumjazia mwanamke fomu ile kabla hajaonana na mwanasheria wa uhamiaji. Ombeni halmashauri ilipie saa za mwanasheria huyo. Ni pesa kidogo ukilinganisha na kumlaza mtu hotelini.

Kwa wenye watoto kuna kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, ambacho kinaipa halmashauri uwezo wa kuihudumia familia yenye mtoto mhitaji, nyumba ikiwemo, hata kama mama viza yake haina haki ya fedha za umma. Uwezo huo upo leo hii na hauhitaji kibali cha waziri. Lakini wanawake wangapi wameambiwa kwenye dirisha la sosho, yaani ustawi wa jamii, "Watoto tunaweza kuwachukua, wewe hatuna la kukufanyia"? Mama akisikia hivyo anarudi nyumbani kwa mumewe kabla giza halijaingia, na hatasema tena kwa mtu yeyote. Mkakati uandike wazi kwamba mama na watoto wanapimwa pamoja, siku ile ile, na kwamba maneno ya kutenganishwa hayatumiki kama jibu la ukosefu wa nyumba.

Asiye na mtoto na asiye na viza inayomruhusu ndiye aliye shimoni kabisa. Kuanzia 2021 serikali ilitoa fedha za mpango wa majaribio kwa wanawake wa aina hii, ukiongozwa na shirika la wanawake la Southall Black Sisters. Mfanyakazi wa nyumba wa mji wenu anaujua? Muulizeni mbele ya bosi wake.

Na hofu ya polisi. Wanawake wetu wanaamini kwamba ukimpigia polisi, Homu Ofisi, ile wizara ya uhamiaji, itajua. Hawakuota. Desemba 2018 Southall Black Sisters na shirika la Liberty walipeleka malalamiko rasmi kuhusu polisi kupeleka taarifa za waathirika kwa watu wa uhamiaji, na mwaka 2020 wakaguzi wa polisi wakakubali kwamba jambo hilo linadhuru, wakashauri lisimamishwe kwa waathirika wa ukatili wa majumbani. Serikali ilikataa kuweka ukuta kamili. Kwa hiyo huwezi kumwambia mwanamke "usiwe na wasiwasi", utakuwa unamdanganya. Unachoweza ni kuiomba halmashauri iandike kwamba ofisi zake zenyewe, za nyumba, shule na afya ya jamii, hazitapeleka jina la mwathirika kokote kwa sababu ya viza, na kwamba itamwomba mkuu wa polisi wa eneo aeleze kwa maandishi wao wanafanya nini.

Sasa nina neno la ndani, la kwetu, na huenda wengine katika chama wasilipende. Halmashauri inapenda sana "wazee wa jamii". Ikisikia mnasema kuhusu mila, itapendekeza kumuita imamu, mchungaji na mwenyekiti wa umoja, wawe ndio mlango wa kuwafikia wanawake. Kataeni kwa adabu lakini mkatae. Unajua kikao cha suluhu kilivyo. Mume anaketi na wazee, mke anaitwa baadaye, anaambiwa ndoa ni uvumilivu, siri ya ndani isitoke nje, na mwisho anapewa soda. Wazee hao si watu wabaya wote. Baadhi yao wamenisaidia kupata talaka kwa mwanamke ambaye mume alikuwa amemfunga miaka 6, amemuacha hajamuacha, na hilo hakuna hakimu wa Kizungu angeliweza. Lakini kazi ya mzee wa kimila ni kuiunganisha nyumba, na mtu aliyekabwa koo hatakiwi kuunganishwa. Mzee apewe kazi moja: aseme hadharani, kwenye hotuba, kwamba kumpiga mke ni haramu na ni jinai. Asipewe majina ya watu.

Na kwa kuwa nimegusa ndoa: wengi wenu mmefunga nikaha tu, hamkwenda kusajili serikalini. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2020, katika kesi ya Akhter na Khan, kwamba nikaha pekee iliyofungwa hapa haitambuliki kama ndoa kwa sheria ya hapa. Hiyo inagusa mgawanyo wa mali mkiachana. Haigusi hata kidogo haki ya kulindwa. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2021 inahusu watu wenye uhusiano wa karibu, waliooana na wasiooana, pamoja na ndugu. Sheria hiyo hiyo inahesabu kunyimwa pesa na kudhibitiwa kuwa ni ukatili, na mtoto anayeona au kusikia ni mwathirika kamili. Mume akimwambia mwanamke "huna cheti, huna kesi", anamdanganya.

Kuhusu pesa. Sheria hiyo ya 2021 inazibana halmashauri kubwa za England zipime mahitaji ya eneo lao, ziandike mkakati wa makazi salama, na ziwe na bodi ya ushirika ambayo lazima iwe na mtu wa kuwakilisha waathirika na mtu wa kutoka mashirika yanayowahudumia. Waulizeni nani amekaa kwenye viti hivyo viwili, na anazungumza lugha gani nyumbani kwake. Kisha waulizeni zabuni. Kawaida halmashauri hutangaza mkataba mmoja mkubwa, shirika kubwa linaushinda, na kile kikundi cha akina mama watano wanaojua Chimwini kinaombwa "kushirikiana" bure. Watawaambia usawa maana yake ni huduma moja kwa wote. Mwaka 2008 halmashauri ya Ealing ilijaribu kusema hivyo ili iwakatie fedha Southall Black Sisters, ikapelekwa Mahakama Kuu, ikashindwa. Huduma maalumu kwa wanawake wa jamii za wachache ni halali, na wakati mwingine ndiyo usawa wenyewe. Nendeni na jina la kesi hiyo, Kaur na Shah dhidi ya Ealing, mfukoni. Si lazima mlitumie, lakini mtazungumza kwa kujiamini zaidi.

Kama nafasi ipo ya kitu kimoja tu cha kununuliwa, mimi ningechagua kwa daktari. Mwanamke ambaye haruhusiwi kwenda popote anaruhusiwa kwenda kliniki na mtoto. Kuna mpango unaoitwa IRIS, ambao unafundisha kliniki nzima, kuanzia mapokezi, na kuipa mtetezi mmoja wa kudumu mwenye jina na namba. Ulipojaribiwa Bristol na Hackney, matokeo yalitoka mwaka 2011: kliniki 24 zilizofundishwa ziliandika rufaa 223 kwa mtetezi katika mwaka mmoja, na 24 ambazo hazikufundishwa ziliandika 12. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wale wale, wanapigwa vile vile. Aliyebadilika ni daktari. Hilo ndilo jibu la swali la "kwa nini hawafiki", na lilishapimwa.

Siku ya kikao, tafadhali usimpeleke mwanamke aliyeteswa akasimulie. Watakuomba, watasema inagusa mioyo. Watalia, wataleta chai, kisha mkakati utabaki kama ulivyokuwa, na yeye atarudi mtaani akijulikana. Simulia wewe, bila majina wala nchi. Peleka mambo matatu kwa maandishi: maswali manne ya ukalimani yaulizwe kila mapokezi, mama na watoto wapimwe pamoja bila kujali viza na mwanasheria alipiwe, na chama chenu kilipwe kama mnatakiwa kufanya kazi. Omba tarehe ya jibu la maandishi, na jina la atakayeliandika.

Na kama kuna mwanamke anayelala kwako usiku huu, kikao kisubiri. Namba ya simu ya taifa ya ukatili wa majumbani ni 0808 2000 247, bure, saa 24, na wana wakalimani; aseme kwa Kiingereza neno "Swahili" tu, au Somali au Kinyarwanda, asubiri. Hatari ikiwa mlangoni, 999. Kama hawezi kusema kitu, akipigia kwa simu ya mkononi abonyeze 55 atakapoambiwa, ataunganishwa na polisi. Lakini 55 haiwaonyeshi polisi alipo, kwa hiyo akipata upenyo anong'one anwani. Mfundishe kuitamka anwani yake kwa Kiingereza leo, hata kama hajui neno jingine.

Tarehe ya kikao hukuniandikia. Niambie, na mkipata barua yao nitumie, tuisome pamoja kabla hamjawajibu.